Chumba cha chuo: jinsi ya kuchagua na kuomba malazi bila kuchelewa wala kulizwa

Wanafunzi wengi huanzia kwenye picha. Wanaona kitanda kimetandikwa, dirisha pana, meza yenye taa, na moyo unatua hapo hapo. Kisha wanauliza bei. Tarehe ya mwisho ya kuomba wanaikumbuka ikiwa imebaki siku moja, na mkataba wanausaini bila kuusoma. Nashauri mpangilio huo upinduliwe: tarehe kwanza, pesa pili, mkataba tatu, picha mwisho. Chumba chenye kasoro ndogo utakizoea. Mkataba wenye kasoro utakaa nao hadi mwaka uishe.

Hatua ya 1: Jua nani hasa anayetoa vyumba

Barua ya udahili haina maana kwamba kuna mtu anakutafutia pa kulala. Kuna vyuo vyenye hosteli zake na vinazigawa vyenyewe. Kuna mahali ambapo mabweni yako chini ya taasisi nyingine kabisa. Kuna kampuni zinazojenga hosteli binafsi jirani na vyuo, na kuna wenye nyumba wa kawaida, kila mmoja na utaratibu wake.

Tofauti hii si ndogo. Ujerumani, sehemu kubwa ya mabweni husimamiwa na Studierendenwerk, taasisi za umma ambazo si idara za chuo. Usipojaza maombi yao mwenyewe, jina lako halimo kwenye foleni hata kama umeshasajiliwa masomoni. Ufaransa, vyumba vya gharama nafuu viko mikononi mwa CROUS, taasisi za umma za huduma kwa wanafunzi, na maombi ya chumba hufanywa kupitia faili lile lile la kuombea msaada wa masomo. Stockholm, Sweden, kuna SSSB, shirika la nyumba za wanafunzi, ambalo hugawa nyumba kwa kuhesabu siku ulizokaa kwenye foleni, hivyo aliyejiandikisha mapema ana nguvu kuliko mwenye haraka. Uingereza, vyuo vingi humhakikishia chumba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Marekani vipo vyuo vinavyomlazimisha wa mwaka wa kwanza kuishi bwenini na kulipia mpango wa chakula juu yake.

Hilo neno "kuhakikishiwa" lisikulaze usingizi, maana lina masharti chini yake kwa maandishi madogo. Mara nyingi sharti ni kwamba chuo hicho kiwe chaguo lako la kwanza na uwe umeomba malazi kabla ya tarehe fulani. Aliyedahiliwa katika awamu ya mwisho kwa kawaida hayumo. Tafuta ukurasa wa malazi kwenye tovuti ya chuo, usome sehemu ya masharti ya ustahiki, na kama hukuelewa mstari wowote andikia ofisi ya malazi. Uliza kwa barua pepe, si kwa simu, ili jibu libaki kwenye maandishi.

Hatua ya 2: Kamata tarehe

Andika tarehe nne: fomu inafunguliwa lini, inafungwa lini, majibu yanatoka lini, na ukishapewa chumba una siku ngapi za kukikubali. Ya nne ndiyo inayowaumiza watu. Mtu anapewa chumba, barua pepe inaingia kwenye kikasha cha taka, siku zinapita, chumba anapewa mwingine, na chuo kinahesabu kuwa kimeshatimiza ahadi yake. Kwa hiyo tumia anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku, na kipindi cha majibu pekua na kile kikasha cha taka.

Jua pia vyumba vinagawiwa kwa kigezo gani. Kama ni aliyewahi ndiye apataye, basi uwe na nyaraka zote mkononi siku ya kufunguliwa kwa fomu: nakala ya pasipoti au kitambulisho, namba ya udahili, picha, barua ya daktari kama inahusika, na njia ya malipo inayofanya kazi mtandaoni. Kama ni bahati nasibu, huna haja ya kukesha. Ilimradi uombe kabla ya dirisha kufungwa. Kama ni kwa uhitaji, yaani umbali wa nyumbani, ulemavu au kipato cha familia, basi ushahidi utakaoambatanisha ndio utakaokubeba.

Sasa jambo ambalo wengi hulisitia: omba hata kama matokeo yako bado hayajatoka au viza bado iko ubalozini. Mara nyingi dirisha la malazi hufunguliwa na hata kufungwa kabla hujawa na uhakika wa safari. Unachohitaji si uhakika, ni kifungu cha kujitoa, nacho nitakifikia kwenye mkataba.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwaka mzima

Bei inayotangazwa kwa wiki ni chambo. Swali la kwanza si "kiasi gani kwa wiki" bali "kwa wiki ngapi". Chukua mfano. Hosteli moja inadai 170 kwa wiki, nyingine 150, kwa sarafu yoyote unayotumia. Ya pili inaonekana nafuu. Lakini ya kwanza ina mkataba wa wiki 40, ya pili wa wiki 51. Zidisha: 170 mara 40 ni 6,800, 150 mara 51 ni 7,650. Ile "nafuu" imekuzidishia 850, na likizo ndefu huenda hutakuwepo hata kukilalia.

Hata hivyo geuza shilingi upande wa pili. Mkataba mfupi unaweza kukutaka uondoke na mizigo yako yote wakati wa likizo, na yako mabweni, hasa Marekani, yanayofungwa kabisa katikati ya mwaka wanafunzi wanapokwenda kwao. Kama unatoka mbali na huna ndugu karibu, ongeza gharama ya pa kulala wiki hizo na pa kuweka masanduku. Hapo wiki 51 zinaweza kuwa ndizo zenye akili.

Kosa lingine ni kulinganisha wiki na mwezi kwa kuzidisha mara nne. Mwezi una zaidi ya wiki nne. Chukua bei ya wiki, zidisha kwa 52, gawa kwa 12. Ile 150 ya hapo juu inakuwa 650 kwa mwezi, si 600.

Kisha orodhesha kilichomo ndani ya kodi na kisichomo: umeme, maji, kupasha joto, intaneti, kufua, usafi wa maeneo ya pamoja, bima ya vitu vyako, maegesho ya baiskeli. Hosteli za vyuo mara nyingi hujumlisha karibu vyote, isipokuwa kufua, ambako huwa unalipa kila unapowasha mashine. Nyumba ya kupanga mtaani ni kinyume chake: unaletewa ankara moja moja, na kama mko watano, lazima ziwe kwa jina la mmoja wenu. Uliza pia kama bili zilizojumlishwa zina kikomo, kwa sababu zipo hosteli zinazokudai ziada ukivuka kiasi fulani cha umeme.

Ongeza amana, ada ya maombi ikiwepo, na nauli ya kwenda darasani. Malizia kwa kuuliza kodi inalipwa kwa awamu ngapi, na awamu hizo zinaangukia lini. Hapa ndipo mkopo wa masomo na kodi hupishana: awamu ya kwanza inadaiwa siku ya kuingia, mkopo unaingia wiki kadhaa baadaye. Ukilijua hilo mapema, iandikie ofisi ya malazi kuomba tarehe isogezwe. Vyuo vingi vina utaratibu wa namna hiyo, lakini kwa anayeomba kabla ya kuchelewa.

Hatua ya 4: Mahali

Kwanza hakikisha kampasi. Vyuo vingi vina kampasi zaidi ya moja, na hosteli inayojitangaza kuwa "dakika tano kutoka chuoni" inaweza kuwa dakika tano kutoka kampasi ambayo kitivo chako hakipo. Tafuta jina la jengo utakalosomea, uliweke kwenye ramani, kisha pima safari kwa saa utakayosafiri kweli, yaani asubuhi ya siku ya kazi. Pima tena safari ya kurudi usiku baada ya maktaba kufungwa. Kama basi la mwisho linaondoka mapema kuliko maktaba, kodi ya bei nafuu itaishia kwenye teksi.

Hatua ya 5: Aina ya chumba

Machaguo karibu yote yanaangukia hapa: chumba cha kuchangia na mwenzako, chumba chako peke yako lakini bafu la pamoja, chumba chenye bafu ndani na jiko la pamoja, na studio ambayo kila kitu kiko ndani. Bei hupanda kwa mpangilio huo huo.

Watu huumiza kichwa sana juu ya bafu. Kwa maoni yangu jiko ndilo la kuulizia. Bafu unaliingia, unatoka. Jiko mnakutana saa ile ile ya jioni, wote mna njaa. Swali lenyewe liwe hivi: jiko moja linatumiwa na watu wangapi, lina majiko mangapi ya kupikia na friji ngapi? Friji moja kwa watu wanane maana yake rafu nusu kwa kila mtu, na freza yenye droo tatu ambazo wiki ya kwanza zitakuwa zimeshamilikiwa. Kama wewe ni mtu wa kupika chungu kikubwa mara moja na kugandisha cha wiki nzima, hilo litakusumbua kuliko bafu la pamoja. Na kama hupiki kabisa, usilipie jiko zuri.

Studio inapendwa na wanaopenda utulivu, nami sina ugomvi nayo kwa wanafunzi wa uzamili au wenye mwenza. Kwa mgeni wa mwaka wa kwanza katika mji asioujua, nina wasiwasi nayo. Ni ghali, na unaweza kumaliza wiki nzima hujasalimiana na mtu. Kwenye jiko la pamoja, hata kama hamtakuwa marafiki, angalau kuna atakayegundua kuwa umeugua.

Hatua ya 6: Jaza fomu

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho ulichodahiliwa nacho. Majina yaliyogeuzwa, la ukoo likawa la kwanza, hufanya mfumo ushindwe kukuoanisha na rekodi ya udahili.

Kwenye machaguo, jaza nafasi zote ulizopewa. Wapo wanaoamini kwamba ukitaja hosteli moja tu watalazimika kukupa hiyo. Haiko hivyo. Ile ikijaa, mfumo unakuchukulia kuwa huna upendeleo na unakutupa popote palipobaki. Mbinu nzuri ni chaguo la kwanza liwe unalolitaka kweli, la pili liwe zuri lakini lisilogombaniwa, na la mwisho liwe lile ambalo mfuko wako unaweza kulihimili bila shaka yoyote. Na usiweke hosteli usiyoweza kuilipia ili kujaza nafasi tu, unaweza kuipata.

Sehemu ya tabia na mazoea ijaze kwa ukweli wako wa leo, si wa mtu unayetamani kuwa. Ukiandika kwamba unaamka alfajiri, wakati unalala saa nane za usiku, utapewa mwenzako anayeamka alfajiri, nanyi nyote mtateseka. Fomu nyingi zina nafasi ya kuomba fleti ya jinsia moja, eneo la utulivu, au eneo lisilo na pombe. Kama jambo ni la lazima kwako, kwa dini au kwa afya, lisiachwe kwenye kisanduku peke yake. Liandikie maelezo mafupi. Mfano:

"Naomba fleti ya wanawake watupu kwa sababu za kidini. Niko tayari kukubali chumba kisicho na bafu ndani au hosteli iliyo mbali zaidi, ilimradi sharti hili litimie."

Sentensi ya pili ndiyo inayosaidia. Ofisa anayegawa vyumba anaona una sharti moja tu la kweli, na ana nafasi ya kucheza na mengine yote.

Mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu asisubiri fomu ya jumla. Andikia mapema ofisi ya malazi na ile ya huduma za wanafunzi wenye ulemavu kwa wakati mmoja, maana si lazima zisomeane barua. Eleza unachohitaji kwa vitendo: chumba cha chini au jengo lenye lifti, friji ya kuhifadhia dawa, bafu lenye vishikio, king'ora cha moto chenye taa kwa asiyesikia. Barua ya daktari iseme mahitaji hayo hayo. Jina la ugonjwa peke yake halimwambii ofisa akupe chumba gani.

Ukishatuma, piga picha ya ukurasa wa uthibitisho na uhifadhi namba ya maombi. Usipopata barua pepe ya kukiri kupokea, uliza.

Hatua ya 7: Soma mkataba

Mkataba wa malazi ni mrefu na unachosha, na sehemu zake nyingi hazitakuhusu kamwe. Tafuta vifungu hivi, usome kila neno lake.

Kwanza, kujitoa. Nini kinatokea viza ikikataliwa, au matokeo yakiwa chini ya yale chuo kilichoyataka? Hosteli nyingi zinakuachia bila deni katika hali hizo mbili ukileta ushahidi ndani ya siku zilizotajwa. Na je, ukiacha masomo katikati ya mwaka? Hapa jibu la kawaida ni kwamba unaendelea kudaiwa mpaka apatikane wa kuchukua nafasi yako. Kifungu kinachosema hurudishiwi chochote kwa hali yoyote kikufanye usite.

Pili, mdhamini. Hosteli binafsi na wenye nyumba wengi hutaka mtu atakayelipa usipolipa, na mara nyingi wanataka awe anaishi nchi hiyo hiyo. Usipokuwa naye, kwa kawaida unaombwa kulipa kodi ya miezi kadhaa mbele au kutumia kampuni inayokudhamini kwa ada. Mwenye kukudhamini asome mkataba naye, kwani udhamini wake unaweza kuvuka chumba chako.

Hilo linatuleta kwenye la tatu: mkataba ni wa mtu mmoja mmoja au wa pamoja? Kwenye mkataba wa pamoja kila mpangaji anabeba deni lote. Mmekodi nyumba wanne, mmoja akatoweka, mwenye nyumba anaweza kuwadai ninyi watatu sehemu yake, na akipenda akamdai mmoja wenu peke yake. Kama unaingia na watu usiowajua vizuri, tafuta mkataba wa chumba kimoja kimoja.

Nne, amana. Ni kiasi gani, inakatwa kwa sababu zipi, inarudishwa ndani ya siku ngapi na inahifadhiwa na nani? Katika England na Wales, mwenye nyumba wa kawaida, asiyeishi nawe nyumba moja, anatakiwa kuiweka amana kwenye mfumo wa kulinda amana uliothibitishwa na serikali ndani ya siku 30. Si kila nchi ina ulinzi wa namna hiyo, kwa hiyo pale ulinzi huo usipokuwepo, risiti yako ndiyo ulinzi wenyewe.

Wageni, kelele na uvutaji sigara vina vifungu vyake. Vipitie haraka ujue faini zake.

Ukitafuta nje ya chuo, mtandaoni

Matapeli wanawajua wanafunzi wa kigeni kuliko wanafunzi wanavyojijua. Hadithi yao haibadiliki sana: chumba kizuri katikati ya mji, bei ya chini kuliko jirani zake wote, mwenye nyumba yuko nje ya nchi kikazi, funguo atakutumia kwa posta ukishatuma amana. Anaweza hata kukutumia nakala ya pasipoti, ambayo kwa kawaida aliibiwa mwanafunzi mwenzako.

Kabla ya kulipa chochote, tafuta zile picha kwenye intaneti uone kama hazijatumika kwenye matangazo ya mji mwingine. Omba kuoneshwa chumba kwa simu ya video ya moja kwa moja, na katikati ya mazungumzo mwambie afungue bomba la maji, kisha aende dirishani akuoneshe mtaa. Video iliyorekodiwa haiwezi kutii. Angalia kama jina kwenye mkataba na jina kwenye akaunti ya benki ni moja. Usilipe kwa njia isiyoweza kurudishwa, kama kutuma fedha taslimu au kadi za zawadi. Vyuo vingi vina orodha ya wenye nyumba waliokaguliwa, au vyama vya wanafunzi vinavyoweza kukusomea mkataba bure. Tumia huduma hizo kabla ya kutuma pesa, si baada.

Kama huna namna ya kukagua ukiwa mbali, lipia malazi ya muda ya wiki moja au mbili, fika, kaangalie kwa macho yako. Inagharimu, ila ni nafuu kuliko kulizwa.

Ukikosa, au ukipewa usichokitaka

Omba uwekwe kwenye orodha ya kusubiri kwa maandishi, na uulize orodha inaendeshwaje. Vyumba huachwa wazi katika wiki za mwanzo wa muhula, wakati wale waliodahiliwa vyuo viwili wanapoamua, au viza za wengine zinapogoma. Ofisi huwapa waliopo na wanaojibu haraka. Ukipewa chumba usichokipenda, kwa kawaida ni busara kukikubali kisha uombe kuhamishwa, badala ya kukikataa. Ukikataa, vyuo vingi havina wajibu wa kukupa kingine. Uhamisho huwa unafunguliwa baada ya wiki chache za masomo, na kubadilishana vyumba na mtu aliye tayari kunakubaliwa upesi kuliko kuomba chumba kitupu.

Siku ya kuingia

Weka miadi ya kuwasili kama mfumo unadai hivyo, na kama ndege inatua usiku, uliza mapema nani atakukabidhi funguo. Uliza pia kama kuna matandiko, maana hosteli nyingi hutoa godoro tupu.

Kabla hujafungua begi, chukua ile fomu ya ukaguzi wa chumba. Piga picha kuta zote, godoro pande zote mbili, ndani ya droo, kingo za zulia, kioo cha bafu, na sehemu yoyote yenye doa, ufa au skrubu iliyolegea. Jaribu kila soketi na bomba la maji ya moto. Andika kasoro kwa kutaja mahali: "doa la wino, kona ya kulia ya meza", si "meza chafu". Fomu hiyo huwa na siku chache tu za kurudishwa. Usiporudisha, chumba kinahesabiwa ulikipokea kikiwa kizima. Itume pamoja na picha kwa barua pepe, kisha usifute ujumbe huo mpaka amana iwe imerudi kwenye akaunti yako.